Humu Hatusemi Nani Alikuja

Tulikuwa tumeshapita geti, mimi na mkwe wangu, na binti yangu bado anapunga mkono kana kwamba tunahama nchi.

"Baba, umfuate mume wangu," akapaza sauti. "Yeye keshazoea kule."

Kule ni kwenye kikao cha watu walioacha pombe. Siku nilipofika na begi langu la vifaa vya kutengenezea mizani, binti yangu alinipa masharti bila kuzunguka: nitalala chumba cha nyuma, nitakaa na wajukuu, ila kila Alhamisi niende kikaoni na mumewe. Nikikosa, nikatafute kwingine. Nilikubali palepale. Nimelala stoo za watu, nimelala juu ya magunia sokoni, na miguu ilikuwa imechoka kuhama.

Mkwe wangu ni fundi umeme, mtaa mzima unamwita Fyuzi. Mcheshi, mwepesi wa mkono. Binti yangu alinihakikishia kwamba hajagusa chupa tangu mtoto wao mdogo aanze kutembea.

Kwenye kona ya duka la vioo Fyuzi akakata kushoto, akasukuma mlango wa baa.

"Karibu kikaoni, baba mkwe."

Nikacheka, nikidhani utani. Akavuta kiti.

"Fyuzi, tunapotea njia."

"Njia gani, mzee? Kaa. Mimi huwa nakunywa hapa, natafuna karafuu kuua harufu, narudi nyumbani mtu mpya. Mwanao analala kwa amani. Sasa tutakuwa wawili, utaniondolea upweke."

"Na kikao chenyewe kiko wapi?"

"Sijui hata kama kipo."

Mwenye baa, mwanamke mpana mwenye taulo begani, alikuwa anafuta kaunta. Nikamwendea. Katika miji niliyopita nimeona kwamba hospitali watakupa karatasi, lakini anayejua walipo walioacha ni yule aliyekuwa akiwauzia.

"Mama, wateja waliokukimbia hukutana wapi?"

Akaguna. "Unataka kunimalizia biashara, babu? Nyuma ya kiwanda cha sare, mlango wa bluu. Wanapita hapo ng'ambo ya barabara, macho mbele kama wanajeshi."

"Baba mkwe," Fyuzi akaita, utani umemtoka. "Ukienda huko utaniharibia."

"Nakwenda kwa ajili yangu. Ya kwako utamwambia mkeo mwenyewe."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Ndani ya mlango wa bluu kulikuwa na viti vya plastiki na feni moja inayolalamika. Mwenyekiti, fundi viatu mwenye sauti ya kukwaruza, akanishika mkono. "Humu hatuulizani majina, na hatusemi nani alikuja." Nilisema machache, nikasikiliza mengi. Nilitoka nikiwa mwepesi kama niliyetua mzigo.

Nyumbani nikakuta begi langu liko nje, kwenye ngazi. Binti yangu kasimama mlangoni. Nyuma yake Fyuzi, kambeba mtoto, ananukia karafuu.

"Baba, baa? Siku ya kwanza tu?"

"Nani kakwambia?"

"Mume wangu kakusihi mpaka sauti imemkauka. Kakuacha kaunta unaongea na mwenye baa. Unabisha?"

Nibishe nini? Kaunta nilisimama, na mwenye baa niliongea naye. Uongo mtupu mtu anapata pa kuukamatia. Huyu alichukua ukweli wangu mwenyewe, akaugeuza kama shati, ndani nje.

"Usimfokee, mke wangu," Fyuzi akasema taratibu. "Ni ugonjwa."

Nikamvuta binti yangu mkono mpaka mlango wa bluu. Mwenyekiti alikuwa anapanga viti.

"Shikamoo. Baba yangu alikuja hapa leo?"

"Marahaba, mwanangu. Humu hatusemi nani alikuja."

"Mimi nimekuruhusu!" nikamwambia. "Mwambie!"

Akanitazama, na niliona inamuuma. "Mzee, leo nikisema huyu alikuja, kesho nitakayemnyamazia itajulikana hakuja. Nimewakatalia wake za watu, mama za watu, hata bosi mmoja na gari lake."

"Basi muulize kuhusu mumeo," nikamwambia binti yangu.

Hakuuliza. "Mume wangu alishaniambia kwamba huwa hawasemi. Lakini wewe, baba, umesimama mbele yake, umemruhusu, na bado kashindwa kukutetea."

Kimya ni kilekile kimoja. Kwa mumewe kikawa siri, kwangu kikawa ushahidi.

"Twende kwa mwenye baa. Yeye ndiye aliyenielekeza."

"Unanipeleka baa nikakutafutie shahidi?" Akacheka kicheko kibaya, kisha akalia. "Nenda, baba. Tafadhali nenda."

Nikaenda.

Mwenyekiti alifariki baadaye kwa presha, na kikao sasa kinaongozwa na mwanamke mmoja muuguzi. Baa ilifungwa, wanauza matairi pale. Fyuzi alianguka kutoka juu ya nguzo kazini, amelewa, akavunjika nyonga, na hospitali ndiko binti yangu alikojua yote. Alinipigia simu kuomba radhi. Nikamwambia yamekwisha. Bado anaishi na mumewe, na watoto wao wako shule. Mimi natengeneza mizani katika mji mwingine, na sinywi. Kwao sijarudi.