Mapovu Gizani

Saa moja na nusu asubuhi, taa imezimwa na mapazia yamefungwa, chupa iliyokuwa katikati ya maabara ilikuwa inatoa mapovu.

Mkemia aliitazama akiwa bado na mkoba begani. Kichocheo chake, unga wa manjano aliouhangaikia tangu amalize chuo, kilikuwa na kazi moja tu: kupokea mwanga na kuyagawa maji yawe haidrojeni na oksijeni. Gizani hakina kazi. Tena hata chini ya taa kali kilitoa povu moja moja, kwa kujivuta. Haya yalikuwa yanafoka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Alichovya karatasi ya kupimia asidi na magadi, ikageuka buluu iliyoiva. Magadi makali, yale ya kuzibulia mabomba. Chini kulikuwa na vipande vya aluminiamu. Viwili hivyo vikikutana hutoa haidrojeni hata kaburini. Unga wake ulikuwa umegeuka tope la kahawia. Mate yalimjaa mdomoni, kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula alichokwisha kumeza.

Mkurugenzi wa kituo cha utafiti, mume wa dada yake, aliingia akinukia marashi.

"Shemeji, umetia nini humu?" mkemia aliuliza.

"Nimekipiga jeki kidogo kichocheo chako. Wageni wa leo, wafadhili wetu, hawawezi kukodolea macho povu moja moja, kama wanasubiri kuku atage."

"Umeuharibu unga wangu. Na huu ni uongo."

"Ni maonyesho. Uongo una sura mbaya zaidi." Akacheka peke yake. "Usiniangushe, shemeji. Wakiondoka bila kuridhika, kituo kinafungwa. Wewe na unga wako mtakwenda wapi?"

Saa nne wageni watatu waliizunguka chupa, taa ikiwaka juu yake. Mkurugenzi alijitanua. Gesi imepimwa, alisema, ni haidrojeni tupu, hakuna hata chembe ya oksijeni.

Mkemia alifumba macho kwa kinyaa. Hata kudanganya hajui. Maji yakigawanyika kweli, oksijeni lazima nayo itoke.

"Na humo ndani mna nini?" aliuliza mama mmoja mwenye miwani.

"Maji ya bomba na unga, mama, basi. Ameandaa huyu shemeji yangu kwa mikono yake mwenyewe. Maji yenyewe hata mtoto anaweza kuyanywa."

Kwa mikono yake mwenyewe. Mkemia alivaa glavu, akamimina nusu glasi. Kimiminika kilikuwa cha kijivu, bado kinafoka. Akaiweka mezani mbele ya mkurugenzi.

"Karibu, shemeji."

"Acha utani wako, wageni wapo."

"Umesema hata mtoto anaweza."

"Nilikuwa natania."

"Mimi sitanii. Humo mna magadi na aluminiamu, na sikuvitia mimi."

Mama mwenye miwani hakuitazama glasi. Alimtazama mkurugenzi.

"Kunywa basi," alimwambia.

Mkono wa mkurugenzi haukutoka mfukoni.