Mita Kumi za Uzi Usioonekana

Mjukuu wangu alisahau miwani yake nyumbani, nikampelekea maabara. Nilimkuta kainamia kipande cha kioo kidogo kuliko kiganja, chenye mifereji myembamba kama unywele. Sindano mbili zilisukuma plastiki ya majimaji humo, na upande wa pili, ndani ya beseni la maji, ulitoka uzi. Mimi sikuuona, lakini nilimwambia mzuri.

"Unakatika kila mita mbili, Bibi. Mota ya kuuvuta inashtukashtuka. Leo nisipotoa mita kumi mfululizo, mashine anapewa mwingine, na masomo yangu ndiyo basi tena."

Mara akaingia mkuu wa maabara, koti jeupe mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akainama juu ya beseni, pua karibu iguse maji. "Uko wapi huo uzi? Hapa hakuna kitu." Akageuka kuondoka.

Mjukuu wangu akanibana mkono. "Bibi, umenasa kwenye kifungo cha koti lake! Anauvuta vizuri kuliko mota! Asikimbie tu!"

Nikaita, "Baba, hebu nisaidie kutembea, magoti haya!" Magoti yangu hayana neno. Nilikuwa nimepanda ghorofa tatu kwa ngazi.

Akasimama, akanisubiri, akanipa mkono. Tukashika ukumbi mrefu, yeye akipunguza hatua zilingane na zangu. Watu wenye kazi nyingi hawakumbuki hilo.

"Watoto wangapi, mama?"

"Saba." Nikaanza na wa kwanza, na surua yake.

Nyuma yetu mjukuu wangu alitambaa na futi kamba. "Nne!" akanong'ona. "Tano!"

"Anahesabu nini yule?"

"Vigae, baba. Kachoka, mwache. Sasa huyu wa tatu, alipoota meno…"

Tulipofika dirisha la mwisho, mtoto wa tano hata hajaanza shule.

"Kumi na moja!"

Mwanga ulipiga koti, na mkuu akauona: uzi mmoja unaometa, kutoka kifungoni mpaka mlango wa maabara. Akasimama pale pale.

"Mashine ni yako," alisema polepole. "Sasa naomba nikae."

"Usithubutu!" mjukuu wangu akamfokea, kisha akajishika mdomo. "Samahani, mwalimu. Tafadhali."

Akasimama wima nusu saa nzima, mjukuu wangu akiukunja uzi taratibu kutoka mlangoni kumwelekea. Mkono wangu hakuuachia, nisije nikaanguka, na wa sita na wa saba akawasikiliza wote.