Maji Mkono wa Kushoto

"Thelathini na moja," alisema Taufiq, akibandika ncha ya mwisho ya ramani ukutani. "Sehemu zote hizi za maji, Mzee Kambi, ni kazi ya miguu yako."

Ilikuwa ofisi ya kaunti pale Malindi, chumba kimoja chenye feni inayozunguka kwa kujivuta, na wengine wote walikuwa wametoka kwenda kunywa chai. Kambi alivaa miwani yake ya kununua sokoni akasogea ukutani. Masika na vuli ya mwaka uliopita alikuwa ameandikwa kibarua cha kuzunguka mabwawa na vinamasi vyote kutoka Mambrui mpaka ng'ambo ya Gongoni, kifaa cha GPS kikining'inia shingoni, mtaimbo mkononi. Kila hatua ishirini, bonyeza. Penye shaka, chomeka mtaimbo, toa udongo, utie maji, utazame rangi: kijivu chenye madoa ya kutu ni mahali maji hutuama. Taufiq, fundi wa ramani, kijana mpole wa mtaa wa Barani, alimfundisha sheria moja tu: maji yawe mkono wa kushoto siku zote, usije ukapotea ukazunguka bwawa moja mara mbili.

Sheria hiyo ilimchekesha Kambi moyoni, maana alikuwa akiifuata tangu ujana bila kufundishwa. Mkewe, Kabibi, alikuwa msusi wa mikeka. Ziwa la nyumbani kwao likifurika huingia majini kukata ukindu, na wakati wa kurudi hupita kwenye matope, mzigo kichwani, naye Kambi hutembea juu kwenye ukingo mkavu amemshika mkono asiteleze. Mume kulia, mke kushoto, upande wa maji. Miaka thelathini na kitu walitembea hivyo.

Basi akasimama pale kuisoma ramani. Alikuwa ameishia darasa la nne, lakini vile vipande vya buluu alivitambua kimoja kimoja. Kile chenye umbo la figo ndiko alikotoka na ruba watatu mguuni. Kile chembamba ndiko kiatu chake kilikobaki matopeni hadi leo. Alikuwa anajisikia fahari, na haki yake, mpaka macho yalipofika juu, kwenye kiwanja cheupe kilichochorwa mistari myekundu.

"Na hapa?"

"Hapo hapana kitu," alisema Taufiq. "Kampuni ya chumvi imeomba kupanua mashamba yake mpaka hapo. Hakuna bwawa, hakuna kinamasi, kwa hivyo hakuna pingamizi. Ramani inapelekwa Kilifi kesho asubuhi. Ikipita, penye buluu hapaguswi. Palipobaki ni shauri la mwenye kuomba."

Pale pasipokuwa na kitu palikuwa nyumbani kwake.

Hapakuwa na wa kumsingizia. Ziwa lile, ambalo watu wa kule huliita ziwa tu bila jina, aliliruka yeye mwenyewe kwa makusudi. Mwezi wa tano mwaka uliopita, Kabibi akiwa kitandani, tumbo limevimba, alimwona mumewe akiingia na mashine shingoni akamwambia aketi. Akamkumbusha wale wapimaji waliokuja zamani, wakati wao bado ni wachanga katika ndoa. Waliandika shamba la kila mtu na jina la kila mwenye mji, wakasema ni kwa faida yenu, wakanywa madafu ya watu, wakaenda zao. Mwaka uliofuata ukapita ua wa senyenge juu ya makaburi ya wazee. "Kilichoandikwa kwetu hakikubaki," alisema Kabibi. "Andika ya watu. Ziwa langu usiliandike. Niapie." Kambi akaapa. Mwezi wa nane Kabibi akaenda zake, na kiapo kikabaki ndicho kitu cha mwisho alichompa mkewe akakipokea kwa furaha.

"Bwana Taufiq," alisema. "Nilikudanganya. Pana ziwa hapo."

Taufiq aligeuka. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Wewe, mzee? Mimi kule Kilifi huwaambia watu, picha ya setilaiti ilipigwa Februari, kiangazi, haioni kitu, lakini alama za Mzee Kambi hazina haja ya kuhakikiwa."

"Najua. Nipe mashine."

"Leo ni Februari tena. Pamekauka. Utazunguka maji gani?"

"Udongo upo."

Kijana alifikiri, akafungua kabati, akamtolea mashine na mtaimbo. "Alama arobaini zisipungue. Udongo kutoka pande nne, na picha zake. Unirudishie kabla ya jioni, niweze kuiingiza. Na nisikufiche, mzee: nikiiweka buluu, kampuni bado yaweza kupinga. Siwezi kukuapia chochote."

"Usiape," alisema Kambi.

Pikipiki ilimfikisha Gongoni saa sita, ikamwacha njia panda, penye malori ya chumvi. Kuanzia hapo alikwenda kwa miguu, ile miguu iliyopasuka visigino kwa miaka kumi na minane ya kukwangua chumvi kabla hajapata kibarua cha ramani. Jua lilikuwa kali na njia haikuwa na mtu. Alipita mlango wa nyumba yake bila kuingia. Hakukuwa na wa kumpigia hodi. Wanawe wawili walikuwa Mombasa, wakipiga simu Jumapili kwa Jumapili, simu za dakika tatu zenye mengi ya kuulizwa na machache ya kujibiwa. Tangu Agosti alikuwa mpweke, tena upweke wa hesabu ndogo ndogo: kikombe kimoja, sahani moja, kitanda kilichobonyea upande mmoja. Ile kazi ya kuzunguka maji ndiyo iliyomwinua alfajiri miezi ile ya mwanzo, na ilipokwisha akabaki akiamka na kukaa.

Kwenye mikindu alimkuta Kavumbi, shemeji yake, mdogo wake Kabibi, anakata makuti machanga. Ndiye aliyekuwa jirani yake wa karibu, na tangu matanga yalipoanuliwa maneno yao yalikuwa ya salamu tu.

"Mlamu," alisema Kavumbi, macho kwenye kifua chake. "Hiyo mashine waipeleka wapi?"

"Ziwani."

"Ziwani." Kavumbi aliweka kisu chini. "Dada alikuapisha mbele yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika kichwa. Na hata mwaka haujafika."

"Kampuni ya chumvi imeomba mpaka nyuma ya jiko lako, Kavumbi."

"Imeomba kwa kuwa mliandika?"

"Kwa kuwa sikuandika."

Kavumbi alipangusa mikono. "Wakiandika wachukua. Wasipoandika wachukua. Sasa wewe watembea na hiyo mashine kwa imani gani?"

Kavumbi akaokota kisu chake, akampa mgongo, akaendelea kukata.

Ziwa lilikuwa limekauka kweli, bakuli pana la udongo uliopasuka vipande vipande, mbuzi wawili katikati wakitafuna vijiti. Mabwawa mengine yote Kambi aliyazunguka yakiwa yamejaa, macho yakiona wazi mwisho wa maji. Hapa hapakuwa na mwisho wala mwanzo. Alisimama kama mgeni mahali alipopatazama kila siku kwa miaka thelathini, akaona haya. Siku zote za mvua alikuwa akimtazama Kabibi, hakuyatazama maji.

Akaanzia hapo basi. Lile jiwe pana ndipo Kabibi alipokuwa akiweka beseni, na hakuliweka majini hata siku moja, wala mbali na maji. Alama ya kwanza. Kile kichaka ndipo alipokuwa akianika leso zake zilizolowa. Ya pili. Mkindu uliolala ndipo alipokuwa akikaa kutoa miiba miguuni, vidole vyake vikigusa maji. Ya tatu, ya nne. Penye shaka angechomeka mtaimbo, kama alivyofundishwa.

Kwenye alama ya kumi alitoa bonge la kwanza la udongo, jeupe, gumu, halikuonyesha kitu. Alilimiminia maji kutoka kwenye chupa yake ili apige picha ya rangi. Kijivu kilijitokeza, na madoa ya kutu ndani yake, ushahidi kamili ambao Taufiq angeukubali bila swali. Lakini kabla hajainua mashine kupiga picha, harufu ilimfikia. Ilikuwa harufu ya matope na majani yaliyolowa, harufu iliyokuwa kwenye leso za Kabibi, kwenye nywele zake, kwenye mlango wa nyumba kila alipoingia jioni na mzigo wake. Alikuwa ameitafuta nyumbani miezi sita, kwenye mito, kwenye nguo zilizokunjwa ndani ya sanduku, ikawa haipo. Kumbe ilikuwa huku, chini ya kiatu.

Kambi alichuchumaa na lile bonge mkononi akalia. Alilia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu, na mbuzi waliinua vichwa wakamtazama kisha wakarudi kwenye vijiti vyao.

"Nimekuvunjia," alisema. "Nilikuapia, na leo nimekuvunjia. Nikosapo hapa nimekosa, lakini sina njia nyingine."

Akalifunga bonge kwenye mfuko, akaandika namba, akapiga picha. Akasimama, akafuta uso kwa mkono wa shati, akaendelea. Hatua ishirini, bonyeza. Hatua ishirini, bonyeza. Jua lilishuka kidogo, kivuli chake kikarefuka. Alama ya ishirini na tano alikuwa upande wa pili, ambako Kabibi hakuwa na mazoea ya kupita, na huko alama zake zilikuwa za kubahatisha. Alichimba mara tatu, akapata udongo mwekundu, akarudi nyuma, akachimba tena. Saa ilikuwa inakwenda, na njia ya Malindi ilikuwa bado.

"Mlamu."

Sauti ilitoka kwenye mikindu. Kavumbi alikuwa amesimama kwenye mwinuko, makuti kichwani, hatua kama mia hivi.

"Hapo sipo," alisema, akipaza sauti tu kiasi cha kufika. "Mwaka ule wa mvua kubwa maji yalivuka kile kisiki. Mimi na dada tulikuwa tukioga pale. Toka nje."

Kambi akatoka nje hatua tano.

"Zaidi."

Akaongeza nne, akachomeka mtaimbo. Udongo ulitoka, akautia maji, ukawa wa kijivu. Akainua bonge juu ili Kavumbi alione, ingawa kwa umbali ule hakuweza kuona rangi. Kavumbi hakushuka, wala hakuondoka. Kila Kambi alipopotea alimsogeza kwa neno moja, ndani, nje, bado, na wakaenda hivyo alama saba, yeye chini na mlamu wake juu, pasipo mazungumzo mengine.

Kwenye alama ya thelathini na nane, jiwe la beseni likionekana tena mbele, Kavumbi aliuliza, "Na huo mkono?"

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Wamshika nani?"

Kambi akautazama. Ulikuwa umenyooka kidogo upande wa ziwa, kiganja juu, vidole vimekunjwa nusu. Hakujua ulikuwa hivyo tangu alama ya ngapi. Juu ya mwinuko Kavumbi alikuwa ametua makuti yake chini, anangoja.

Hakuushusha mkono. Akahesabu hatua ishirini polepole, kama mtu anayetembea na mwenye mzigo, akabonyeza kwa wa kulia.