Katika Nchi ya Nusu

Usiku wa jana niliota kwamba mimi na mke wangu, Mama Hoza, tumehamia katika nchi inayotoza kodi nusu ya kila kitu. Hatukuhamia kwa tamaa. Tulihamia kwa sababu ya macho yake.

Asiyenijua anifahamu kwanza. Mimi ni Mbaruku Shemhilu, fundi mwashi mstaafu wa Korogwe. Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na mitatu, shule ya usiku, nikitoka kazini na vumbi la saruji kwenye kope, na leo magazeti nayasoma mpaka kurasa za uchumi. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Mtu akifiwa au akiugua, watu huchanga, nami husimama na daftari nikasoma kwa sauti: fulani, kilo mbili za mchele, fulani, kuni mzigo mmoja. Jina langu hulisoma la kwanza.

Mama Hoza ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa pili sasa. Ananitambua kwa sauti. Wanachama walitaka kumchangia akapasuliwe, nikakataa. Katika daftari lile jina langu liko upande wa wanaotoa, na sikutaka livuke kwenda upande wa pili.

Basi niliota tuko mpakani.

Afisa wa mpaka ni mizani. Si mizani ya dukani; ni ile kubwa ya kupimia magunia ya mahindi. Imevaa tai.

"Shikamoo, mzee," mizani ikasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mmekuja kwa shida gani?"

"Nimemleta mke wangu atengenezwe macho."

"Macho hayana taabu. Hapa macho ni bure."

"Bure kabisa?"

"Kabisa. Toa nusu ya kila kitu ulicho nacho."

Mama Hoza akacheka. "Baba Hoza, bure ya huku ina uzito."

Mizani ikaeleza kwamba kila mtu hujikatia mwenyewe nusu yake. Ikaniuliza kama nina kisu. Nikasema mimi ni mwashi, nina mwiko. Mwashi wa kweli hukata tofali kwa pigo moja, na nusu yake ikawa nusu. Nilisema hivyo kwa sauti kidogo ili walio nyuma wasikie. Nilipogeuka, nyuma hapakuwa na mtu.

Mama Hoza akakalishwa kwenye benchi refu la mbao. Mlango wa chumba cha upasuaji ulionekana kwa mbali, kama kutoka nyumbani kwetu hadi stesheni.

"Karibu, mama," benchi likamwambia. "Mumeo akitoa nusu, mimi napiga hatua moja kuelekea mlangoni."

"Una miguu wewe?"

"Minne."

"Basi twende."

Nikaanza na mwavuli. Pigo moja la mwiko, ukagawanyika. Nusu yenye kitambaa nikaiweka juu ya mizani. Kisha nikasimama wima, nikasafisha koo kama ninavyofanya chamani, nikasema: "Mzee Mbaruku Shemhilu, nusu ya mwavuli!"

Nikangoja makofi.

Mwavuli ukarudi mkononi mwangu ukiwa mzima, tena umefunguka. Benchi likarudi nyuma hatua moja.

"Umefanya nini?" mizani ikauliza.

"Nimetangaza."

"Kwa nini?"

"Ijulikane nani katoa."

"Mzee wangu, kikitangazwa si kodi tena, ni zawadi. Nchi hii ina sheria, haipokei zawadi."

"Sasa watu watajuaje kwamba nimetoa?"

"Hawatajua."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Nikadhani shida ni sauti. Nikakata koti langu, nikaiweka nusu, nikajitangaza kwa kunong'ona. Koti likarudi. Benchi likarudi. Nikakata tena, safari hii nikanyamaza, ila nikakohoa ile namna ya mtu anayetaka kuulizwa. Kifungo kimoja kikarudi, na benchi likainua mguu mmoja likabaki limeuning'iniza.

"Baba Hoza!" mke wangu akaita kutoka mbali. "Mwanzo nilikuwa naanza kusikia harufu ya dawa, sasa siisikii. Unafanya nini huko?"

"Nafuata utaratibu."

"Utaratibu gani unaokwenda kinyumenyume?"

Ofisi ya mpaka ikawa uwanja wa mpira, bila mtu yeyote kuhamisha kitu. Katikati ya uwanja amesimama jirani yangu Lugusha, Mnyamwezi aliyekata mkonge hadi akazeeka. Ni mtani wangu, kwa hiyo anaruhusiwa kuniambia lolote. Amevaa koti ambalo kushoto ni la kijani na kulia ni la kahawia.

"Wewe Mzigua," akasema, "nimeambiwa unatoa mwavuli na kuupokea mwenyewe. Hata ukarimu wako una kamba."

"Nyamaza. Koti la nani hilo?"

"Nusu langu, nusu la mtu."

"Mtu gani?"

"Simjui. Alikuwa na kifua kipana, Mungu ampe maisha."

Akatabasamu. Nikashtuka. Lugusha ninayemjua mimi hula ugali uliolowekwa kwenye mchuzi, kwa maana hana hata jino moja. Huyu alikuwa na meno mdomo mzima, mengine makubwa, mengine madogo, moja la dhahabu.

"Nimewekewa," akasema. "Ni ya watu mbalimbali, lakini yanatafuna pamoja."

"Kwa hiyo huku maisha ni bora?" nikamwuliza. Swali hilo nililisoma gazetini wiki iliyopita, na wasomi wawili wenye miwani walikuwa wamelibishania kurasa mbili bila kukubaliana. Nilitaka nirudi na jibu.

"Ukiugua unatibiwa. Ukizeeka unalishwa. Ukikatwa nusu yako unasikia baridi kidogo upande mmoja, halafu linakuja koti."

"Na ukilala na homa, nani anakuja kukutazama?"

Lugusha akatazama chini.

"Juzi nililala na homa. Kilikuja kiti."

"Kiti?"

"Kiti cha serikali. Kikakaa kando ya kitanda saa nzima. Kikaniuliza naendeleaje, kikaandika, kikaondoka."

"Kilikuletea hata chungwa?"

"Hakikuleta."

"Unaona! Kwetu wangekuja watu arobaini."

"Wangekuja arobaini, wangenipa pole, wangekunywa chai yangu, na meno nisingepata." Akanikaribia. "Mbaruku, mwaka wa pili huu watu wanakuja kwako kumpa mkeo pole. Anaiona?"

Nilitaka kumjibu. Mtu aliyesoma shule ya usiku hakosi majibu. Nikamwambia nitamjibu nikishamaliza kukata.

Nikarudi kwa mizani, ambayo sasa ilikuwa imesimama golini.

"Kitu kimoja kinanisumbua," nikasema. "Mtu akishajua kwamba nusu inaondoka, si ataacha kazi alale?"

"Mzee, ulijenga nyumba ngapi?"

"Mia moja na sita."

"Ulikaa katika ngapi?"

"Moja. Yangu."

"Na zile mia moja na tano, ulipozijenga, ulilala?"

Nikasema sikulala. Mizani ikaandika.

Hapo nikaanza kukata kwa dhati. Nusu ya koti. Nusu ya kofia. Nusu ya kitanda, upande wangu. Nusu ya redio. Nikabaki na taarifa ya habari, muziki ukaenda. Nusu ya usingizi wa mchana. Nusu ya hadithi ninazosimulia kuhusu ujana wangu, na mizani ikasema hizo zimepungua vizuri. Kila nusu naiweka na kufunga mdomo. Kila nikifunga mdomo, benchi linatembea, ko, ko, ko, na Mama Hoza juu yake amekaa kama bibi harusi.

Vitu vikaanza kuja. Likaja koti, nusu langu na nusu la bluu, linanikaa kuliko la zamani. Likaja bomba la maji, likasimama mbele yangu na kujifungua.

"Nani kakuweka hapa?" nikaliuliza.

"Watu wengi sana, mzee. Hakuna aliyekuja kunikumbusha kwamba ni yeye."

Nikanywa. Maji yalikuwa baridi. Sitaki kusema uongo: nilikuwa na nusu ya vitu vyangu na nilijisikia kama mtu aliyemaliza kazi Ijumaa.

Kisha benchi likasimama.

Lilikuwa limebakiza hatua moja kufika mlangoni. Harufu ya dawa ilikuwa kali. Mama Hoza alinyoosha mkono, vidole vikakosa kitasa kwa upana wa tofali.

"Imebaki hatua moja," benchi likasema, "na mimi sina ninachoweza kufanya."

"Nimetoa kila kitu," nikaiambia mizani.

"Bado. Kuna kitu hujakipima." Mshale wa mizani ukageuka, ukaacha kuonyesha namba, ukaonyesha chini ya pua yangu.

Masharubu yangu nimeyafuga tangu siku nilipopata cheti cha shule ya usiku. Nilisema kwamba mtu mwenye cheti hawezi kutembea na mdomo mtupu. Nayachana asubuhi na jioni. Mtaani watoto hawaniiti kwa jina, wananiita Babu Masharubu.

"Hayo hayagawanyiki," nikasema. "Nusu ya masharubu haina faida kwa mtu yeyote."

"Nani kakuambia faida yake iko kwa anayepokea?" mizani ikauliza.

Uwanja ukawa chumba cha mkutano cha chama chetu. Watu arobaini wamekaa kwenye mikeka. Daftari limefunguliwa mbele yangu, na ukurasa una mstari mmoja tu, mwandiko wangu mwenyewe: Mzee Mbaruku Shemhilu, nusu ya masharubu, kwa ajili ya macho ya mkewe.

"Katibu, soma!" wakasema wote.

Sijawahi kuona mstari mzuri kama ule. Ningeusoma taratibu. Wangepiga makofi, wengine wangesimama. Koo likajisafisha lenyewe.

"Soma, bwana," akasema Lugusha kutoka nyuma, meno yote nje. "Soma, tukurudishie masharubu yako uende nayo nyumbani ukamshikishe mkeo."

Nikamtazama Mama Hoza. Alikuwa bado amenyoosha mkono. Hakuwa ananiita wala kunilaumu. Alikuwa anapapasa hewa polepole, jinsi anavyopapasa meza kila asubuhi akitafuta kikombe, na mimi humwambia, kushoto kidogo, kushoto tena.

Nikausoma mstari ule kimoyomoyo, kisha nikafunga daftari.

Watu arobaini hawakusikia kitu. Wakaanza kuulizana kama kuna chai. Nikauinua mwiko, nikayakata masharubu upande wa kushoto kwa pigo moja, nikaiweka nusu juu ya mizani. Mshale haukutikisika hata kidogo. Ilikuwa nyepesi vile. Miaka yote niliyoibeba, sikujua.

Benchi likapiga hatua.

Daktari alikuwa pima maji, ile ya mbao tunayoilaza juu ya ukuta kuona kama umenyooka. Nikafurahi, kwa kuwa chombo hicho nakijua, hakidanganyi. Kikajilaza juu ya paji la uso la Mama Hoza. Kiputo chake kikaenda kulia, kikaenda kushoto, kikatulia katikati.

"Kazi imekwisha," kikasema. "Asiiname siku tatu."

"Nani katoa?" Mama Hoza akauliza, macho yamefungwa pamba.

Mdomo wangu ulikuwa tayari na jina. Ulikuwa na jina, na ubini, na cheo.

"Watu," nikasema.

"Watu gani?"

"Hata mimi siwajui wote."

Akaigusa pamba kwa kidole. "Wamefanya vizuri," akasema. "Wasalimie."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeingia ndani mpaka miguuni mwa kitanda, na mwili ulikuwa mwepesi. Nikakaa, nikafungua dirisha la uani, nikatoa kichwa nje nipate hewa. Sikuwa nimesema neno.

"Baba Hoza!"

"Naam."

"Hebu geuka huku. Ni nani huyo aliyekunyoa masharubu upande mmoja?"

Nikapeleka mkono mdomoni. Kushoto palikuwa laini kama ukuta uliopigwa plasta.

Mama Hoza alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ng'ambo ya ua, na sufuria mkononi. Ua ule niliupima mwenyewe wakati wa kujenga. Kutoka dirishani hadi mlango wa jiko ni hatua kumi na nne.