Namba Zinazoweza Kutoka

Claire alikuwa akifundisha hesabu darasa la sita la sekondari hapa Likasi, Katanga. Mumewe, Floribert, alikuwa karani kwenye kampuni ya migodi. Wote wawili walizaliwa hapa, ila babu zao waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na mwaka 1992 hilo lilitosha kuwafukuza.

Kabla ya hapo, mwanafunzi aliyemsumbua zaidi alikuwa Urbain, ambaye wazazi wake walipanga chumba nyuma ya kanisa. Kila fonksyo aliyopewa, yaani kanuni inayopokea namba na kutoa nyingine, alisema inapokea namba zote na kutoa namba zote. Siku moja Claire alimbakiza baada ya masomo, akamwandikia kipeuo cha pili cha x kutoa tatu, akamwambia aweke moja mahali pa x. Urbain alihangaika, mwishowe akasema haiwezekani, ndani ya kipeuo kumebaki hasi mbili. Claire akamweleza kwamba domaine ndiyo hiyo: namba zinazokubalika kuingia. Hapa zinaanzia tatu. Kijana akacheka kwa furaha. Walikubaliana kwamba image, yaani namba zinazoweza kutoka, wataisoma wiki inayofuata.

Wiki hiyo hawakuiona. Vijana wa chama kilichotaka Katanga ibaki kwa wenyeji tu walipita mtaa kwa mtaa wakiwatoa watu wa Kasai majumbani. Claire na Floribert walitoka na godoro, masufuria na Philomène, mama yake Claire, aliyekuwa mgonjwa. Walitandika turubai kituoni, kando ya reli, wakingoja treni pamoja na umati wa wenzao. Philomène alikufa palepale kwa kuhara. Walimzika bila jeneza.

Siku chache baadaye Urbain alifika akiwa na sare ya shule. Alitoa pole, kisha akatoa karatasi. Alisema mwalimu mpya anaandika ubaoni bila kueleza, na kesho kuna mtihani. Floribert aliinuka akaenda zake.

Claire aliichukua karatasi, na kalamu ya Urbain. Fonksyo yenyewe ilikuwa x mara x, jumlisha moja. Akamwambia ajaribu namba yoyote, hata hasi: ikizidishwa kwa yenyewe haishuki chini ya sifuri, na ukijumlisha moja, haitoki namba iliyo ndogo kuliko moja. Kuingia zinaingia zote, lakini image inaanzia moja. Safari hii Urbain alielewa mara moja.

Ndipo Claire akamwuliza, "Nani iko mu nyumba yetu?"

Urbain alikunja karatasi. "Ni siye, Madame. Baba alisema iko bule."

"Na weye unalala wapi?"

"Mu chumba ya mama yenu."

Claire alimrudishia kalamu, akamwambia arudi kwao.

Mwaka uliofuata, huko Mwene-Ditu, Kasai, walikofikishwa na treni, mtu aliyetoka Likasi aliwaambia kwamba Urbain amepata diploma, na hesabu ndiyo iliyomwokoa. Padri wa parokia alipomwomba Claire afundishe hesabu, alijibu kwamba hakuwahi kuisoma, akachukua jembe akaenda kulima mihogo ya shangazi yake Floribert.