Nusu ya Kidonge cha Ulaya

Dorcas binti Ndalahwa alizaliwa na kifafa, lakini kwa rehema ya Mola kifafa hicho kilikuwa kimefungwa na kidonge kimoja cheupe. Kila jioni alikimeza. Vidonge vikikaribia kwisha alikwenda zahanati ya Kamanga, na Sista Wilhelmina akamchotea vingine kutoka katika kopo kubwa, akavitia katika bahasha ya kaki, asidai kitu. Miaka ikapita binti asianguke. Akakua, akapendwa. Mchumba wake Renatus, Mhaya aliyekuwa mwalimu Sengerema, aliambiwa habari yote wala hakukimbia. Aliyeweka sharti ni mama yake.

"Nitakuja kumtazama kwa macho yangu," alisema Bi Bernadetta. "Nikimkuta mzima, mahari italetwa. Sitaki mkwe wa kuokotwa sakafuni."

Neno hilo lilimkwama Ndalahwa kama mwiba wa samaki. Akapanda kivuko, akavuka hadi mjini, akaenda Mkolani, ambako mdogo wake Nestory alikuwa amefungua duka la dawa. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, na kila kilichokuja ndani ya boksi lenye maandishi ya kigeni kikaaminiwa kabla hakijafunguliwa.

"Shikamoo, kaka. Bado mnamlisha mtoto chokaa ya serikali?"

"Marahaba. Hiyo chokaa imemsimamisha miaka yote, hajaanguka."

"Ni bahati hiyo. Siku Wahaya wameketi sebuleni kwako, utaitegemea bahati? Kopo moja linalisha tarafa nzima, kaka. Hata bata huchaguliwa chakula."

Nestory akaweka mezani boksi la buluu, herufi zake za fedha. Akataja bei. Ndalahwa akaurudisha mkono wake mfukoni.

"Usiogope," Nestory akasema, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu atoaye siri ya ukoo. "Hii ni kali. Nusu yake inakishinda kizima cha zahanati. Wewe kata tu, boksi moja litakufikisha harusini."

Mtu aombaye kudanganywa hahitaji mdanganyi hodari. Ndalahwa alirudi na boksi, akaliweka juu ya kabati mahali pa kuonwa na kila aingiaye, akamwaga vile vyeupe chooni. Jioni akashika wembe, akakikata kidonge cha Ulaya katikati.

"Baba," Dorcas akasema, "Sista alinionya nisibadili dawa asipojua."

"Sista ndiye atakayekuoza? Meza, mama."

Akameza. Alikuwa amelelewa kutii, na utii wake ulikuwa sehemu ya sifa alizosifiwa kwa wakwe. Siku zilizofuata alilalamika kwamba mkono wake unarukaruka wenyewe. Baba yake akamwambia kuwa ndiyo dalili ya dawa kali kufanya kazi.

Wageni wakafika na kivuko cha asubuhi, Bi Bernadetta na dada zake wawili. Dorcas aliwasalimu kwa kupiga magoti, kisha akaenda jikoni kukaanga sato. Wale wanawake wakamfuata, wakasimama mlangoni, maana mkwe hutazamwa akiwa na kazi mkononi. Alimgeuza samaki wa kwanza vizuri. Alipomfikia wa pili mwiko ukasimama hewani, macho yakapanda, na mwili wote ukaanguka mbele, mkono na shavu ndani ya meko.

Hakuna aliyemvuta.

"Msimguse," alisema Bi Bernadetta, akiwarudisha dada zake kwa mikono miwili. "Povu lake linaambukiza."

Imani hiyo ni kongwe katika nchi yetu. Haimwulizi mtu amesoma wapi. Ndalahwa alikuwa sebuleni akiwaandalia wageni maji ya kunawa. Mpaka aliponusa harufu ya kuungua, akajua, akakimbia na kuwapenya wale wanawake mlangoni, moto ulikuwa umekwisha kula haki yake. Wageni hawakunawa. Waliondoka na kivuko kilekile kilichowaleta.

Hospitalini mjini Sista Wilhelmina, aliyewasindikiza, alilitazama boksi la buluu pande zote.

"Ulimpa kiasi gani?"

"Nusu."

"Kizima cha hii na kizima cha kwangu ni sawa. Nusu ya dozi ni nusu ya dozi, Mzee Ndalahwa, hata ingeletwa na malaika."

Nestory naye akaja kumjulia hali mgonjwa, na sukari na sabuni kama ilivyo ada. Kaka yake alimpokelea nje, chini ya ukuta.

"Niambie kweli. Vile vyeupe vingemtosha?"

Nestory akatazama viatu vyake. "Vingemtosha. Dawa ni ileile, kaka. Tofauti ni jina na boksi."

"Ulijua ukanyamaza."

"Ungenunua?"

Habari ilipoenea Kamanga, watu waliitafsiri wapendavyo: ndiyo matokeo ya ubahili, walisema, laiti angempa binti kidonge kizima cha Ulaya. Kabla mwezi haujaandama, waliokuwa na wagonjwa walivuka kwenda Mkolani kununua boksi la buluu.

Renatus hakuja, wala hakutuma mtu.

Jioni moja Dorcas, uso wake ukiwa umefungwa bandeji hadi jicho moja, alimwita baba yake karibu na kitanda.

"Baba, ni nani aliyekata vile vidonge?"

"Nestory alisema kwamba nusu..."

"Sikuuliza aliyesema."

Mkono wa Ndalahwa ukanyoosha shuka ambalo halikuwa na kunjo. Dorcas, kwa adabu aliyofundishwa, akamwomba amwite Sista, kwa sababu saa ya dawa imefika na hataki tena ipitie mikononi mwa baba yake.