Profesa Kaswera na Gome la Lubero

Profesa Kaswera Abigaïl alirudi Butembo kutoka Ubelgiji na doctorat ya famakolojia, masanduku mawili ya vitabu, na ugunduzi mmoja. Ugunduzi huo ulihusu seli za ubongo. Seli hizo zinapashana habari bila kuchoka, kama wafanyabiashara wetu na simu zao: hii inaiambia ile "amka", ile inaiambia nyingine "tulia". Kwa mtu mwenye kifafa, neno "tulia" halisikiki, seli zote zinapiga kelele kwa pamoja, na mtu anaanguka. Kaswera alichukua gome la mti ambalo wazee wa Lubero wanawachemshia wagonjwa wa kifafa, akalimwagia seli za panya, na seli zikatulia. Wazungu wakapiga makofi. Alikuwa na miaka thelathini na mbili.

Kwa zawadi, chuo chetu kilimpa maabara: chumba chenye dirisha moja, sinki isiyo na maji, na mimi.

Mimi ni Mumbere. Nina miaka arobaini na sita na bado ninaitwa assistant. Miaka kumi na saba nimefanya kazi na Profesa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hatukupima seli hata moja, maana mashine haikuwepo. Basi tulifanya utafiti usiohitaji vifaa, yaani mikutano.

Katika mikutano hiyo ugunduzi wake ulikua wenyewe, bila kumwagiliwa. Mwaka wa kwanza gome lilikuwa "linatuliza seli za panya kwenye sahani". Mwaka wa tatu, kwenye radio, lilikuwa "linatuliza ubongo". Kufikia mwaka wa kumi, mkuu wa kitivo chetu, Doyen Maliro, mtu ambaye hajawahi kuipa micro ya kuongelea kisogo, alitangaza kwamba gome la Profesa Kaswera linaponya kifafa. Kila mara Kaswera alimsahihisha kwa sauti ya adabu, na kila mara watu, kwa adabu ileile, hawakumsikiliza.

Mwishowe Maliro akapata wazo la sirop, dawa ya maji ya kunywa. Gome litiwe kwenye chupa, chupa iwekwe picha ya Profesa akiwa amevaa kofia ya doctorat, na sirop izinduliwe siku ya kufungua mwaka wa masomo, mbele ya maaskofu, wachungaji na wenye maduka makubwa. Kaswera aliomba kitu kimoja tu.

"Muniache nipime tena, hapa kwetu."

"Upime nini tena, Madame?" Maliro alishangaa. "Si ulipimaka?"

Hata hivyo aliruhusu, kwa kuwa ilikuwa bure. Rafiki zake Kaswera wa Ubelgiji walimtumia mashine yao ya zamani, ambayo inashika umeme mdogo wa seli na kuukuza mpaka usikike. Panya wa maabara hawapatikani kwetu, lakini kwenye mashamba ya kakao ya Beni kuna konokono wakubwa kama ngumi, na seli zao za neva ni nene kiasi kwamba hadubini ya shule ya sekondari inatosha. Watu wa Butembo hawapendi kukubali kwamba Beni inawazidi kwa lolote. Kwa konokono, nilikubali.

Mashine ilipita Uganda, ikaingia Kasindi mpakani, ikafika Beni, na hapo ikakamatwa na jeshi. Kosa lilikuwa kwenye karatasi. Mzungu aliyeifunga alikuwa ameandika kwa Kifaransa: amplificateur, yaani kikuza sauti, kwa kuchunguza signaux, ishara, kati ya cellules, seli. Beni imezika watu wengi sana miaka hii. Huko cellule ni kundi la watu waliojificha msituni, na signaux ni kile wanachotumiana kabla ya kushuka kushambulia. Tukaitwa kujieleza.

Tulipokelewa na Kapiteni Élysée, mwanajeshi mpole mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu apewe nyota. Alifungua faili.

"Madame le Professeur, cellule yenu iko na batu wangapi?"

"Hapana batu, mon capitaine. Ni ya konokono."

"Konokono." Akaandika. "Na huyu Konokono, jina yake ya kweli ni nani?"

Nilitazama dari. Profesa hakucheka. Aliomba karatasi, akachora seli mbili, akachora mlango katikati, akaeleza kwa dakika kumi jinsi moja inavyoiambia nyingine itulie. Niliwahi kumsikia akilieleza jambo hilo mbele ya maprofesa waliokuwa wakisoma simu zao. Kapiteni alisikiliza mpaka mwisho.

"Donc hii mashini inasikiaka mambo ubongo inasema?"

"Inasikia kama inasema. Mambo yenyewe, hapana."

"Na ya mutu? Inaweza kusikia ya mutu?"

"Mpaka umufungue kichwa."

Kapiteni alishika kofia yake, akaifunga faili, akatia sahihi. Aliuliza tu, akitusindikiza mlangoni, kama kifafa kinaambukiza. Profesa akamwambia hapana, hata kidogo, na mtu akianguka mtu amshike kichwa, amlaze upande, asikimbie. Kapiteni alisema asante kama mtu mwenye mgonjwa nyumbani, nami sikuuliza zaidi.

Tatizo ni kwamba sanduku la mashine lilikuwa tupu. Mlinzi wa ghala, mkristo mwema, alikuwa amesoma neno moja tu alilolielewa, amplificateur, na kwa kuwa kwaya ya kanisa lao ilikuwa imeomba vyombo vya muziki kwa miaka miwili, aliona Bwana amejibu, akaipeleka kwao. Tukaenda kanisani. Kiongozi wa kwaya, bwana mmoja aitwaye Jéthro, hakusubiri tumalize salamu.

"Ni yenu? Muchukue! Tuliunganisha gitaa, ikalia tik, tik, tik kama saa mbovu. Tuliifungia siku tatu bila kula. Hapana kitu. Bamama banasema iko na pepo."

"Haina pepo," Profesa alisema. "Iko na masikio mazuri sana."

Jéthro aliibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, kisha akanawa mikono.

Tuliporudi Butembo, fundi wa radio aitwaye Zorobabel aliunganisha upya nyaya ambazo gitaa lilikuwa limeziunguza. Siku ya nne, asubuhi, Profesa aliingiza sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, ndani ya seli ya konokono. Kutoka kwenye spika ndogo ikatoka sauti: tak... tak... tak. Alisimama akaweka mkono mdomoni. Miaka kumi na saba alikuwa amezungumza habari za sauti hiyo mbele ya watu, na hapa kwetu hakuwa ameisikia hata mara moja.

Tukaweka gome, lililoyeyushwa kwa pombe kali ya maabara, kama alivyofanya Ubelgiji. Tak... tak... kisha polepole, kisha kimya. Seli imetulia. Niliona cheo changu kipya kikija kwa mwendo mzuri.

"Mumbere," Profesa alisema, "sasa weka pombe peke yake."

"Bila gome?"

"Bila gome."

Niliweka. Tak... tak... polepole. Kimya.

Profesa alichukua konokono mwingine. Tuliendelea wiki tatu, konokono arobaini na mmoja. Pombe na gome: kimya. Pombe bila gome: kimya. Gome lililochemshwa kwa maji, kama wazee wanavyolichemsha: tak, tak, tak, kama mtu anayepiga misumari bila kujua kwamba anatazamwa. Ndipo akaniambia kwamba kule Ubelgiji seli za kulinganisha zilikuwa zimepewa maji matupu. Hakuna aliyeuliza pombe imefanya nini, si yeye, si wakubwa waliopiga makofi.

Kwa hiyo tulikuwa tumethibitisha, kwa sayansi ya mabara mawili, kwamba pombe inatuliza ubongo. Wanywaji wa kasiksi, pombe ya ndizi, wa mtaani kwetu walikuwa wamelifikia tokeo hilo zamani, tena bila bourse ya masomo.

Nilijaribu kuokoa kilichobaki. "Prof, lakini konokono si mutu. Pengine kwa mutu gome inafanya kazi."

"Ni kweli. Na panya si mutu. Lakini ile siku hatukusema vile."

Alivua koti, akaenda kwa Maliro, nami nyuma yake. Doyen alisikiliza akiwa amesimama karibu na boksi la karatasi za kubandika kwenye chupa. Elfu tatu, na uso wa Profesa kwenye kila moja.

"Madame, hii ukweli hapana inaweza kungoja kidogo? Ilingojaka miaka kumi na saba. Mwezi moja itaiumiza nini?"

"Batu wangapi baliacha kinini, vidonge vya hospitali vya kifafa, sababu ya maneno yetu?"

"Statistique, hesabu yabo, hapana."

"Ndiyo inaniogopesha."

Siku ya ufunguzi Profesa alipewa micro ili aisifu sirop. Hakusema Kifaransa, alisema Kiswahili, na hapo ndipo Maliro alipaswa kushtuka. Alisema: nilikosea. Alisema gome halikufanya kitu, pombe ndiyo ilifanya, na wenye kifafa warudie kinini zao leo, wasingoje kesho. Hakuna aliyepiga makofi. Muuza dawa za miti mmoja alipiga kelele kutoka nyuma kwamba amenunuliwa na Wazungu. Doyen akachukua micro, akamshukuru Profesa kwa unyenyekevu wake mkubwa, akaueleza umati kwamba alikuwa anaongea juu ya konokono tu, na kwa upande wa binadamu matumaini ni makubwa.

Juma lililofuata Profesa alivuliwa ukuu wa idara yetu, ili apumzike. Hakuwa ameomba kupumzika. Sirop haikutoka, lakini msije mkafikiri ukweli ulishinda: chupa zilizoagizwa zilifika na midomo midogo kuliko vizibo.

Radio iliyokuwa ikimwita mara tatu kwa mwaka sasa haikuwa na nafasi. Kituo kidogo cha Waprotestanti kilimpa dakika tano, kati ya matangazo ya vifo na matangazo ya mabati. Alisema mambo yaleyale. Siku mbili baadaye muuguzi mmoja alimpigia simu kutoka Lubero.

"Mama Prof, kuko mama moja hapa, mama Bénie. Aliachisha mutoto kinini juu ya maneno ya radio. Sasa namwambia airudishe juu ya radio. Anasema hapana tena kuamini radio mara ya pili."

"Ana haki," Profesa alisema. Tukapanda kwenda Lubero.

Lubero ilikuwa na baridi na ukungu. Mama Bénie alikuwa ameketi mbele ya nyumba, akimenya viazi kwenye beseni kubwa. Alimtazama Profesa kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa, akasogeza kiti cha mti kwa mguu.

"Ni weye wa gome?"

"Ni mimi, mama."

"Ilikuwa radio ilidanganya, ao ni weye?"

Nilifungua mdomo kusaidia, maana hapo kulikuwa na jibu zuri, refu, lenye Doyen Maliro ndani yake. Profesa alinizuia kwa mkono.

"Nilikosea kupima. Halafu balizidisha maneno yangu, na mimi nilibasahihisha na adabu. Nilipaswa kupiga kelele."

Mama alimenya kiazi kizima bila kuinua macho. Kisha akaita, "Bénie!" Msichana wa miaka kumi na miwili akatoka ndani, mrefu, na mkono wa kushoto una kovu jipya kutoka kiwiko mpaka vidoleni, ngozi bado nyekundu na inang'aa.

"Alianguka mu moto, mwezi wa pili," mama alisema. "Ilikuwa tulikuwa tunachemsha gome."

Profesa alishika ule mkono, akautazama kama alivyotazama seli ile ya kwanza, akaanza kulia bila sauti. Na mimi, niliyekuwa nimecheka habari hii yote kuanzia Beni, nilijikuta nikihesabu mawe ya uani.

Mama Bénie hakumfariji. Aliingia ndani, akarudi na kopo la kinini kutoka kituo cha afya na kikombe cha maji.

"Muuguzi alinionesha kipimo. Sitaki yake. Nataka nione mukono yako ikimupa."

Profesa alisoma karatasi ya muuguzi mara mbili, akamuuliza mama uzito wa mtoto, akauliza kama analala vizuri, akatoa kidonge kimoja na nusu. Bénie akameza, akakunja uso.

"Ni chungu."

"Ni chungu," Profesa alikubali. "Na usiache hata ukijisikia muzima. Hata mimi nikisema uache, uulize kwanza niliona wapi."

"Na kama doyen anasema?" niliuliza mimi.

"Huyo, umuulize mara mbili."

Mama Bénie alicheka kidogo, cheko kavu, la kwanza. Aliketi tena mbele ya beseni lake. Viazi vilikuwa bado vingi. Akachukua kisu cha pili kutoka chini ya kiti, akakifuta kwenye kitenge, akakisukuma mbele ya Profesa, naye Profesa akakunja mikono ya nguo na kuanza kumenya.